Septisemi: kile nyani walifundisha wanganga juu ya saa

Mwenzetu mumoja wa kazi alizika shemeji yake. Mama huyo alikuwa na miaka 26. Alizaa vizuri, mutoto mwanaume, kilo tatu na kidogo, na majirani walishaanza kuleta sabuni na nguo za mutoto. Siku ya tatu akaanza kutetemeka baridi. Ku nyumba wakasema: «Hiyo ni malaria, tumupe dawa.» Siku ya ine alikuwa anapumua mbio mbio na kusema maneno yenye hayaeleweki. Wakamupandisha ku pikipiki, yeye katikati, mume wake nyuma akimushika, mupaka ku lopitali moja yenye hatutataja jina. Pale wakaambiwa waweke feza kwanza. Feza ilipatikana saa kumi ya mangaribi. Antibiotike ya kwanza iliingia mu mushipa wake saa mbili ya usiku. Kulipokucha, alikuwa amekufa.

Ku karatasi ya kifo waliandika neno moja: «septicémie». Mwenzetu alirudi ku kazi na ulizo moja yenye ilitusukuma kuandika ukurasa huu. Alisema: «Wazungu wanapeleka mashine mupaka ku Mars, na hawajapata dawa ya hii?»

Jibu ni kwamba wameitafuta sana. Kwa zaidi ya miaka 40, watu wa sayansi wamefuata ugonjwa huu ndani ya mwili wa nyani na kima, juu ni wanyama wenye wako karibu sana na sisi. Walipata mambo makubwa, na walipata pia haya kubwa. Mambo yote mawili yanaangalia mama yule wa pikipiki.

Askari wenye wanapiga nyumba yote

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Watu wengi wanafikiri septisemi ni mikrobe kuingia mu damu, basi. Haiko vile tu. Wanganga wa leo wanasema sepsisi, na tangu mwaka 2016 wanaieleza hivi: ni hali yenye mwili unajibu mikrobe vibaya, bila kipimo, mupaka viungo vyake vyenyewe vinaanza kuharibika na maisha yanakuwa mu hatari.

Fikiri askari wenye walitumwa kufukuza mwizi mumoja mu avenue. Mwizi yuko mu nyumba moja, lakini wao wanapiga risasi mu nyumba zote. Mwizi akifa ao akikimbia, avenue imeshabomoka. Njo vile mwili unafanya. Mishipa inapanuka na kuvuja, tansio inaanguka, damu inaganda mu mishipa midogo midogo, figo inaacha kutoa mukojo, mapafu yanajaa, akili inapotea. Mikrobe inaweza kuwa imetoka mu kidonda, mu mapafu, mu mukojo, mu matumbo, ao mu tumbo la uzazi kisha kuzaa. Mulango ni tofauti, lakini nyumba inabomoka namna moja.

Uchunguzi mukubwa wenye ulitoka mu gazeti la wanganga The Lancet mwaka 2020 ulihesabu kama mu mwaka 2017 watu karibu milioni 49 walipata sepsisi mu dunia, na milioni 11 walikufa. Ni kusema mutu mumoja ku kila watano wenye walikufa mwaka ule. Na karibu 85 ku kila wagonjwa 100 walikuwa mu inchi zenye mapato ya chini ao ya katikati. Ugonjwa huu unakaa kwetu, hata kama dawa inatafutwa kwingine.

Kwa nini nyani?

Wenye walishapita ku Rwindi, mu mbuga ya Virunga, wanawajua. Nyani wanakaa kando ya barabara kama watu wa barière, wanaangalia gari, wanangoja ndizi. Aina hiyo, nyani wa rangi ya zeituni, ni kati ya aina zenye zilitumiwa sana mu uchunguzi wa sepsisi ku Marekani, na zaidi mu muji wa Oklahoma City.

Kwa nini wasitumie panya, wenye bei rahisi na wenye kuzaa haraka? Walitumia panya, na wanaendelea. Lakini panya ni mugumu kupita sisi. Kuko sumu moja ku ngozi ya mikrobe nyingi, yenye wanaita endotoksini. Mutu mwenye afya akipewa nanogramu 2 ao 4 tu kwa kilo, anapata homa na kutetemeka. Panya anavumilia kipimo cha maelfu na maelfu kupita hicho. Mwaka 2013 kundi moja la Wamarekani lililinganisha gene za watu wenye walijeruhiwa, wenye waliungua na wenye walipewa endotoksini, pamoja na gene za panya mu hali kama ile. Walisema hazifanani hata kidogo. Mwaka wenye ulifuata, watafiti wa Japani walichukua hesabu zile zile na wakasema zinafanana sana. Mabishano hayo hayajaisha, lakini yalionyesha wazi kama panya peke yake hatoshi.

Nyani yuko karibu zaidi. Damu yake inaganda karibu namna moja na yetu. Mwili wake ni mukubwa, munganga anaweza kuweka serumu, kupima tansio kila saa, na kutoa damu mara nyingi bila kumumaliza. Tena, na hili njo jambo la maana zaidi, antibodi yenye ilitengenezwa kwa ajili ya mutu mara nyingi inatambua kitu kile kile mu damu ya nyani. Dawa ya mutu inaweza kujaribiwa yenyewe, bila kutengeneza ingine ya mufano.

Hata hivyo nyani haiko mutu. Yeye pia anavumilia endotoksini kupita sisi. Njo maana ili nyani agonjwe sana, wanganga wa Oklahoma walikuwa wanamuingizia mikrobe miliardi nyingi kwa kila kilo ya uzito wake. Musomaji akumbuke jambo hilo, tutalirudilia.

Kazi ilikuwa inafanyika hivi. Nyani analazwa kwa dawa ya usingizi. Wanamuwekea serumu yenye mikrobe inaitwa E. coli, ile yenye inaishi mu matumbo yetu sisi wote. Inaingia mu mushipa kwa muda wa masaa mawili. Kisha wanamufuata: moyo, joto, tansio, damu. Kama hapati dawa, anakufa mbele ya siku mbili ao tatu kuisha. Kama dawa inafanya kazi, anafika siku ya saba, na wanasema amepona. Na kila kitu kinaandikwa pamoja na saa yake. Saa sifuri ni wakati mikrobe inaanza kuingia.

Masaa mawili mbele

Mwaka 1985, ku New York, mutoto mwanamuke wa miezi 11 aliungua na maji ya moto. Daktari mumoja kijana, Kevin Tracey, alikuwa kati ya wenye walimutunza. Mutoto alipata sepsisi na akafa, na Tracey ameeleza mwenyewe mu kitabu kama kifo kile kilimusukuma atafute ni nini inaua watu wa namna ile.

Yeye na wenzake walifikiria kitu kimoja chenye mwili wenyewe unatengeneza wakati unaona mikrobe. Kinaitwa TNF. Kikiwa kidogo, kinasaidia. Kikiwa kingi mara moja, kinaangusha tansio na kuharibu viungo. Wakatengeneza antibodi ya kukamata TNF, na wakaijaribu kwa nyani. Matokeo yalitoka mu gazeti Nature mu mwezi wa 12, mwaka 1987. Nyani wenye walipewa antibodi masaa mawili mbele ya mikrobe walipona kabisa: tansio haikuanguka, viungo havikuharibika.

Dunia ya wanganga ilishangilia. Lakini angalia vizuri: masaa mawili mbele. Mu kazi ile ile, nyani wenye walipewa antibodi saa moja tu mbele walilindwa tansio, lakini viungo vyao havikulindwa. Saa moja ilitosha kuleta tofauti.

Na mutu? Hakuna mutu mwenye anafika ku lopitali masaa mawili mbele ya kugonjwa. Antibodi za kuzuia TNF zilijaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa wa sepsisi mu miaka ya 1990. Hazikuleta uponyaji wenye ulikuwa unangojewa. Kazi hiyo lakini haikupotea. Antibodi za namna ile zilikuja kuwa dawa ya magonjwa mengine yenye TNF inasumbua pole pole kwa miaka, kama ugonjwa wa kuvimba na kupinda viungo, na ugonjwa wa matumbo wenye unaitwa Crohn. Leo watu wengi sana mu dunia wanatembea juu ya dawa hizo. Mu magonjwa hayo, munganga ana wakati wa kutosha.

Dawa ya dola 7.000

Mwaka ule ule wa 1987, kundi la Fletcher Taylor na Charles Esmon, ku Oklahoma, lilitoa habari ingine. Wao walikuwa wanafuata kuganda kwa damu. Mwili unakuwa na kitu kinaitwa proteini C, yenye inazuia damu isigande ovyo. Mu sepsisi inaisha haraka. Wakawapa nyani proteini C yenye imeshawashwa, pamoja na mikrobe ya kuua. Nyani wale hawakufa.

Kampuni Eli Lilly ilichukua njia hiyo na kutengeneza dawa yenye ilipewa jina Xigris. Uchunguzi kwa wagonjwa 1.690 ulitoka mwaka 2001: kati ya wenye walipewa dawa ya uongo walikufa 30,8 ku 100, na kati ya wenye walipewa Xigris walikufa 24,7 ku 100. Mu mwezi wa 11 mwaka ule, serikali ya Marekani iliikubali. Ilikuwa dawa ya kwanza mu historia yenye ilikubaliwa juu ya sepsisi yenyewe. Kwa mugonjwa mumoja ilikuwa inaomba karibu dola 7.000. Ilikuwa pia na hatari yake: kutokwa na damu.

Kwa sababu kulikuwa mashaka, waliomba kampuni irudilie uchunguzi. Wagonjwa karibu 1.700 tena. Safari hii, kati ya wenye walipewa Xigris walikufa 26,4 ku 100, na wenye hawakuipata 24,2. Ni kusema haikusaidia. Mu mwezi wa 10 mwaka 2011, kampuni iliondoa Xigris mu soko la dunia yote. Miaka kumi, na basi.

Tunasema hii bila kucheka mutu. Nyani walipona kweli. Hesabu haikuwa ya uongo. Kile kilikosekana ni kingine.

Saa sifuri

Nyani wa labo alikuwa na afya mbele ya mikrobe kuingia. Alikuwa anakula vizuri. Alipewa mikrobe ya aina moja, nyingi mara moja, na dawa iliingia mu dakika yenye ilichaguliwa. Mugonjwa wa lopitali ni muzee mwenye sukari, ao mutoto mwenye hajashiba tangu miezi, ao mama mwenye alitoka damu nyingi wakati wa kuzaa. Mikrobe yake ilizaana pole pole mu kidonda. Pengine ana malaria juu. Pengine alishakunywa antibiotike nusu nusu, zenye alinunua kwa vidonge viwili viwili ku farmasi ya kona.

Lakini tofauti kubwa kupita zote ni saa. Mu labo, saa sifuri iko ku karatasi. Ku mugonjwa, hakuna mwenye aliiandika. Wakati anafika, munganga hajui kama moto wa mwili uko unapanda ao umeshaisha na kuacha majivu. Dawa yenye inazima moto saa ya kwanza inaweza kuwa bure siku ya tatu, ao kuleta hatari, juu mwili ule umeshachoka kujikinga na hauombi tena kuzuiwa.

Tangu pale, watafiti walibadilisha namna ya kufanya. Kuko wenye wanatumia nyani wenye wanagonjwa mapafu kwanza, na mikrobe ya pneumokoke, ili sepsisi ije pole pole kama kwa mutu. Nyani hao wanapewa pia antibiotike na serumu, sawa vile mugonjwa wa reanimasio. Ku Oklahoma, kazi inaendelea juu ya njia zingine zenye zinagandisha damu. Mwaka 2019 walionyesha kama antibodi yenye inazuia kitu kinaitwa faktori XI inalinda nyani juu ya mikrobe ya stafilokoke. Ni mulango wenye watu wanatumainia, kwa sababu unazuia kuganda kubaya bila kuleta hatari kubwa ya kutokwa na damu. Bado ni mulango, haijakuwa nyumba.

Kile tuliona Beni na Butembo

Kuko upande mwingine wa hadisi hii, na ulitendeka kwetu. Ebola haiko sepsisi ya bakteria, ni virusi. Lakini mu mwili wa mugonjwa mwisho wake unafanana sana: mishipa inavuja, damu inaganda mahali haifai, tansio inaanguka, viungo vinaacha kazi.

Njo maana watafiti walijaribu dawa za sepsisi kwa makako wenye Ebola. Huku kwetu tunaita kima yeyote makako, lakini hawa ni wale wa Asia, wenye wanaitwa rhesus. Bila dawa, karibu wote wanakufa. Mwaka 2003 dawa moja ya kuzuia damu isigande iliponyesha 3 kati ya 9. Mwaka 2007 walijaribu ile ile Xigris: wakapona 2 kati ya 11. Ilikuwa kitu, lakini kidogo.

Basi wakafuata njia ingine: kupiga virusi yenyewe. Mu damu ya mutu mumoja mwenye alipona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, watafiti wa Marekani pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB walipata antibodi yenye iliitwa mAb114. Mwaka 2016 walitangaza kama inaponyesha makako hata ikitolewa siku tano kisha virusi kuingia. Mara hii haikuwa masaa mawili mbele, ilikuwa siku tano kisha.

Kisha ikaja epidemi ya 2018, yenye iliua watu 2.287 mupaka ilipoisha mu mwezi wa 6, mwaka 2020. Ku Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa 681 waliingia mu uchunguzi wa dawa ine. Mu kundi la mAb114 walikufa 35 ku 100, na mu kundi la dawa ingine ya antibodi, REGN-EB3, walikufa 33 na nusu ku 100. Mu makundi mawili mengine ilikuwa karibu nusu ya watu. Mwaka 2020 dawa hizo mbili zilikubaliwa rasmi. Leo ziko ni dawa za Ebola, na njia ya mAb114 ilipita ku damu ya Mukongomani, ku mwili wa makako, na ku vitanda vya Kivu ya Kaskazini.

Lakini mu uchunguzi ule ule kuko hesabu moja yenye haikupigiwa kelele sana. Kila siku moja yenye mugonjwa alikaa na alama mbele ya kufika, hatari yake ya kufa ilipanda kwa asilimia 11. Na wenye walifika wakati virusi haijakuwa mingi mu damu, kwa dawa hizo mbili walikufa karibu mumoja tu ku kumi. Dawa ilikuwa ile ile. Chenye kilitenganisha watu hao ni siku.

Hata maji ya serumu

Kuko somo lingine lenye nyani hawakulitoa, na tunaliandika kwa sababu watu wanafikiri kile kinafanya kazi Ulaya kitafanya kazi huku. Mu vitabu, mugonjwa wa sepsisi mwenye tansio iko chini anapewa serumu nyingi na haraka. Mu mwaka 2011, uchunguzi kwa watoto zaidi ya 3.000 ku Uganda, Kenya na Tanzania ulionyesha kama watoto wenye homa kali na damu isiyotembea vizuri, wenye walipewa serumu nyingi mara moja, walikufa zaidi: karibu 10 na nusu ku 100, na wenye hawakuipata kwa namna ile 7,3. Mwaka 2017, ku Lusaka, jirani yetu, watu wazima wenye sepsisi na tansio ya chini wenye walifuata sheria za vitabu, serumu nyingi na dawa za kupandisha tansio, walikufa 48 ku 100. Wenye walitunzwa kwa kawaida ya lopitali walikufa 33.

Ni kusema nini? Mashine ya kupumua na reanimasio yenye iko nyuma ya serumu ile, huku haiko. Na wagonjwa wetu hawafanani na wale wa vitabu. Kama hata maji yanaomba kujaribiwa kwetu, je, dawa yenye ilitoka kwa nyani mwenye afya mu labo ya mbali? Njo maana tunasema: inchi yenye inazika watu wengi wa sepsisi inapaswa kuwa na watafiti wake, labo zake, na wagonjwa wake mu hesabu. Beni na Butembo ilionyesha kama inawezekana, hata katikati ya risasi.

Na wanyama wenyewe?

Musomaji mwingine atauliza kama ni haki kugonjwesha nyani kwa makusudi. Ulizo ni nzuri. Watu wa Bukavu wanajua Lwiro, mahali sokwe na kima wenye walinyanganywa wawindaji wanatunzwa. Mwenye alishaona mutoto wa sokwe anashika kidole cha mutunzaji hawezi kusema mnyama huyu hasikii kitu.

Kwa sokwe, Marekani iliacha. Mwaka 2015 taasisi kubwa ya afya ya serikali yao ilisema haitalipia tena uchunguzi wa kuumiza sokwe. Kwa nyani na makako kazi inaendelea, lakini sheria ni kali kupita zamani. Kanuni tatu zenye Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika mwaka 1959, njo zinaongoza: kama unaweza kutumia kitu kingine, tumia, kama huwezi, tumia wanyama wachache, na wenye unatumia, uwapunguzie maumivu.

Sisi tunaona hivi. Kama wanyama hao walikufa, basi kile walifundisha kisitupwe. Na kile walifundisha kwa sauti kubwa kupita yote ni juu ya saa. Kwa nyani wa New York, saa moja ilitenganisha viungo vizima na viungo vilivyoharibika. Wanganga wa Canada na Marekani walikuta jambo kama hilo kwa watu. Mu uchunguzi wenye ulitoka mwaka 2006, kila saa yenye antibiotike ilichelewa kisha tansio kuanguka, watu wenye kupona walipunguka kwa karibu 7 na nusu ku 100. Leo kanuni za dunia zinasema mugonjwa wa sepsisi mwenye tansio imeanguka apate antibiotike mbele ya saa moja kuisha.

Antibiotike hiyo haiombi dola 7.000. Iko mu farmasi za kwetu. Mama yule aliingojea masaa yote yenye familia ilikuwa inatafuta feza.

Tufanye nini?

Ku wenye wanaongoza malopitali tunaomba jambo moja: mugonjwa mwenye alama za sepsisi apigwe sindano ya kwanza, kisha tuongee juu ya feza. Tunajua malopitali hayana musaada wa kutosha, na infirmiye naye anangoja mushahara. Lakini chupa moja ya antibiotike yenye inawekwa pembeni ku kila mulango wa dharura, familia italipa kesho, inawezekana. Kuko mahali wanafanya hivyo.

Ku familia, hizi njo alama zenye haziombi kungoja kesho: homa kali ao mwili kuwa baridi kupita kawaida; kupumua mbio mbio; moyo kupiga mbio; akili kuchanganyikiwa ao usingizi wenye hauna maana; kukojoa kidogo sana; ngozi kuwa baridi na madoa madoa. Mutoto muchanga akiacha kunyonya ao kulegea, ni hivyo hivyo. Mama mwenye amezaa, ao mutu mwenye amepasuliwa, ao mwenye kidonda, akiwa na alama hizi, musiseme tu «ni malaria». Inaweza kuwa malaria, na inaweza kuwa zote mbili. Munganga atapima. Kusali kuko kuzuri, na mutu anaweza kusali akiwa njiani.

Na jambo la mwisho, lenye halina bei. Mu labo, mwenye kuandika saa sifuri ni mutafiti. Ku nyumba, ni sisi. Homa ikianza, angalia saa na uandike, hata ku telefone: siku gani, saa ngapi, alianza kutetemeka, alianza kupumua mbio, dawa gani alikunywa. Ukifika ku lopitali, usiseme tu «anagonjwa tangu juzi». Sema: «Homa ilianza siku ya pili saa tatu ya usiku, akili ilianza kupotea leo asubui.» Munganga mwenye anasikia hivyo anajua mara moja yuko mahali gani mu hadisi, na wakati gani umebaki.

Mutoto wa yule mama anaendelea vizuri. Yuko kwa bibi yake, ameanza kukaa mwenyewe. Mwenzetu ametuomba tuandike hilo pia.